Katibu Aliyekataza Nukta Mbili

Kijijini kwetu Kisondela hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kufa kabla Katibu hajamaliza chai yake ya asubuhi. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe, na aliyasema kwa uso mkavu kabisa, kikombe mkononi, huku mleta habari amesimama mlangoni na koti lake la mvua linachuruza maji sakafuni.

"Mwambie asubiri," alikuwa akisema.

"Ameshakufa, Katibu."

"Basi hana haraka."

Akishameza funda la mwisho ndipo anapofungua kompyuta. Alikuwa katibu wa kamati ya misiba, na sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina. Wazee wenzake walimwita Katibu, mchungaji alimwita Katibu, na marehemu mkewe, walivyonisimulia, alimwita Katibu hata wakiwa katikati ya ugomvi. Mtu akifariki, Katibu aliandika jina, akabonyeza kitufe kimoja, na simu zikaanza kulia kutoka Kisondela hadi Isongole: fulani alete kuni, fulani alete ndizi, wapishi wawahi, kwaya ikutane saa nane. Programu hiyo aliiandika mwenyewe kwa JavaScript, ile inayofanya kazi upande wa seva, si ile ya kupamba kurasa za mtandao. Hakuna mwingine aliyejua kuiendesha. Ndiyo maana alikuwa na hofu moja tu maishani, na alimwambia kila aliyekaa naye dakika tano: "Mimi nawatangaza wote. Mimi nani atanitangaza?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mwanzoni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kompyuta wa sekondari. Nimetoka Tanga, nikapangiwa Rungwe bila kuulizwa kama napenda baridi, na mwaka wa kwanza niliumaliza nimevaa masweta mawili huku nikimlaani aliyetia saini barua yangu. Katibu aliniletea kesi yake shuleni, laptop imefungwa kwenye mfuko wa mbolea ili mvua isiiguse. Akaiweka mezani, akaifungua taratibu, akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Mwalimu, ugonile. Kuna faili langu limenitia aibu mbele za watu."

Alisema "limenitia aibu" kama mzazi aliyeitwa shuleni. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wiki moja kabla ya hapo kulikuwa na msiba, na wapishi walipokea ujumbe uliosomeka: "Kuni zitaletwa na undefined." Basi wapishi wakakaa kumsubiri huyo Undefined. Saa nne hakuna kuni, saa sita hakuna kuni, masufuria yamekaa tu, maharage yanaelea kwenye maji baridi. Mzee mmoja akasema anamfahamu, ni mkwe wa watu wa Lufingo, mtu mrefu. Mama mmoja akadakia kwamba alisoma naye, na kwamba uvivu ule hakuuanza jana. Kufika alasiri kijiji kizima kilikuwa kimemkasirikia. Kamati ikakaa, ikaamua apewe barua ya onyo. Jamani, barua iliandikwa! Niliiona kwa macho yangu, ina mhuri. Bodaboda aliizungusha Lufingo siku mbili, anauliza nyumba kwa nyumba, na alirudi akasema ameelekezwa kwa watu watatu tofauti lakini wote hawakuwepo.

Nikafungua programu nikaona kosa mara moja. Katibu alikuwa amegawa kazi yake kwenye mafaili madogomadogo, faili la kuni, faili la wapishi, faili la kwaya, na faili kuu linayaita moja baada ya jingine. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini faili la kuni hakuliambia litoe nini likiitwa.

"Umemwita, naye amekuja," nikamwambia. "Ila amekuja mikono mitupu. Mwishoni mwa kila faili lazima uandike linatoka na nini. Usipoandika, linaitika tu, halina kitu, na mashine inaandika undefined, yaani hakijulikani."

Katibu akavua miwani.

"Mtu anakwenda msibani mikono mitupu?"

"Ndivyo ilivyo, Katibu."

"Basi huyo hajalelewa."

Akavuta kiti. Alikaa pale chumba cha kompyuta hadi kengele ya kutoka, anapitia faili moja moja, na mwishoni mwa kila moja anaandika mstari wa kusema linatoka na nini, huku ananung'unika "wewe nawe, beba, beba." Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wamekaa kimya kabisa. Siku hiyo walijifunza zaidi kuliko muhula mzima niliowafundisha mimi, na iliniuma kidogo.

Alijifunzia wapi? Nilimuuliza nikacheka hadi nikashika mbavu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Mtu fulani aliyepita na mradi alimwachia rundo la karatasi zilizochapishwa za kufundishia programu, na panya walikuwa wameshazifikia kabla yake. Sura ya kwanza haikuwepo, na sura ya kupanga mafaili kwenye folda ilibaki kichwa cha habari peke yake. Kwa hiyo mambo yote ambayo sisi wengine tulifundishwa, yeye aliyatunga. Mengine aliyatunga vizuri kuliko wenyewe.

Kupanga folda, kwa mfano. Sisi huweka pamoja mafaili yanayofanya kazi moja: ya chakula kivyake, ya ujumbe wa simu kivyake. Katibu aliyapanga kwa rika. Zamani, alinieleza, vijana wa Kinyakyusa waliokua pamoja walikuwa wanaondoka kwa wazazi wao wanajenga kijiji chao, wanazeeka humo pamoja. Basi na mafaili yaliyoandikwa msimu mmoja yalikaa folda moja, yawe yanahusiana au yasihusiane. Faili la kuni lilikaa na la kwaya na la kuhesabu viti kwa sababu yote yalizaliwa mwaka ule mvua ya mawe ilipotoboa paa la kanisa.

"Sasa Katibu, mimi nikitafuta la wapishi nitajuaje liko wapi?"

"Uliza limezaliwa lini."

"Nimuulize nani?"

"Mimi."

Unaona shida ilipo. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, naye ni mzee wa kukohoa, halafu huyohuyo analalamika kwamba hakuna atakayemtangaza. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Akanijibu kwamba watu wa Tanga tuna maneno mengi, akanimiminia chai.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa habari ya nukta mbili, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu bila hii hutamwelewa. Faili likitaka kuliita jingine lililo folda ileile, unaandika nukta moja na mstari wa mshazari, maana yake hapahapa nyumbani. Likitaka kuliita lililo folda ya juu yake, unaandika nukta mbili, maana yake panda kwa mkubwa wako. Ni jambo dogo, watu duniani kote wanalifanya bila kufikiri. Siku nilipomwonyesha, Katibu alirudisha kiti nyuma.

"Huyu wa chini anapanda mwenyewe kwa mkubwa? Anaingia tu?"

"Anaingia, anachukua anachotaka, anarudi."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Kwenye programu yangu hapana. Huo ni utovu wa adabu."

Mila ya Wanyakyusa wa zamani ni kwamba mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anapinda anaingia migombani. Haingii alimo, na jina lake halitamki. Anachohitaji kutoka kwa mkubwa analetewa, haendi kukichukua. Na hivyo ndivyo Katibu alivyoandika programu nzima. Faili kuu la juu liliyaita ya chini na kuyakabidhi kila kitu mikononi: jina la marehemu, saa, orodha ya simu. Ya chini hayakupanda hata siku moja. Nilibishana naye wiki nzima nikashindwa, na ngoja nikwambie jambo la kuudhi: kazi ilikuwa safi. Niliwahi kuona programu za watu waliosoma vyuo vikubwa, mafaili yanavamiana kama kuku. Ya Katibu ilikuwa na heshima, unaisoma kutoka juu kwenda chini bila kupotea.

Sasa mtazame huyohuyo nyumbani kwake. Mwanawe alikuwa Chunya kwenye machimbo, na mkamwana wake alibaki pale nyumbani, nesi wa zahanati, mwanamke mwenye sauti na asiyepepesa macho. Baba mkwe na mkamwana walikula meza moja. Walipanda bodaboda moja, mshikaki, yeye katikati na mzee nyuma ameshikilia begi la dawa. Walibishana kuhusu chumvi kwenye mbalaga hadi ndizi zenyewe zikapoa. Nikamwambia, "Katibu, mafaili yako hayaruhusiwi kupanda kwa mkubwa, na huyu anakunyang'anya kijiko?"

"Hao ni watu," akasema. "Watu wana akili. Mafaili lazima yawe na adabu."

Jambo moja tu la kale lilibaki kati yao. Mkamwana hakuwahi kutamka jina lake. Zahanatini aliita wagonjwa kutoka kwenye kadi, jina la kwanza, la baba, la babu, sauti inafika barabarani. Ikifika kadi ya Katibu ananyamaza, anaitazama, halafu anasema, "Wewe hapo, ingia." Na kama kuna fomu ya kuandika jina lake, alimpa kalamu mwenzake. Nilimtania sana kwa hilo. Alicheka, lakini hakulitamka.

Katibu alikuwa na misemo yake, na yote ilihusu kazi. Faili likizidi kurasa mbili alisema limenenepa, lioe lihame. Faili lisiloitwa na yeyote aliliita mjane, na hakulifuta; mara mojamoja aliliita bila sababu, "lisijisikie vibaya." Alipotaka kujaribu programu baada ya kubadilisha kitu, aliandika kifo cha uongo, na hapo alikuwa na msimamo ambao hadi leo naupenda: alitumia jina lake mwenyewe tu.

"Siwezi kumjaribia mtu mwingine kifo," alisema. "Atakuja kufa kweli halafu nitajisikiaje?"

Kwa hiyo kwenye folda kuu alikuwa na faili aliloliita mwenyewe.js, lina majina yake kamili, ukoo wake, nyimbo anazotaka, na agizo kwamba mchungaji asizidishe nusu saa. Katika majaribio alikufa mara tatu au nne kwa wiki. Ujumbe ulikwenda kwenye simu moja tu, ya kwake. Simu inalia mezani, anavaa miwani, anasoma habari ya kifo chake, anatikisa kichwa kwa huzuni kidogo, anasema, "Vizuri. Inafanya kazi."

Na hapa naingia mimi na aibu yangu.

Siku moja Katibu alikwenda Tukuyu mjini kupima macho, akaniachia kompyuta nimwongezee kijiji kimoja kwenye orodha. Nikaona nafasi yangu. Nikasema leo naipanga hii nyumba. Kulikuwa na folda ya majaribio, ndani yake faili la kujaribu, na faili linaloitwa simu.js lenye ile namba yake moja. Folda kuu pia ilikuwa na simu.js, hiyo ya kijiji kizima. Mimi kwa ujuaji wangu nikalitoa faili la kujaribu kwenye folda yake nikaliweka folda kuu, nikaelekeza kitufe huko, nikajipongeza, nikaenda kusahihisha madaftari. Sikugusa mstari hata mmoja ndani yake. Ndani kulikuwa kumeandikwa nukta na mshazari na simu: niletee simu ya hapahapa. Lakini faili nimeshalihamisha, na hapahapa yake nayo imehama.

Katibu akarudi, akanywa chai, akajijaribu.

Mimi nilikuwa darasani. Simu yangu ikalia, nikasoma kwamba Katibu amefariki, nikakaa chini kwenye kiti cha mwanafunzi. Ujumbe ulinitaka nilete majani ya chai. Nilitoka mbio na chaki mkononi. Njiani kote watu walikuwa wanamiminika: wanaume na mizigo ya kuni, akina mama wamejifunga vitenge viunoni, wanalia kwa sauti, ndizi kichwani. Bodaboda kutoka Isongole walikuwa wameshafika, sijui walipitia wapi. Ng'ombe alikuwa anakokotwa.

Katibu alikuwa kibarazani, amesimama, na daftari mkononi. Alikuwa anaandika mahudhurio.

Wa kwanza kumwona alidondosha mkungu. Mama mmoja alizimia, akazinduka, akamwona tena, akazimia upya. Kiongozi wa kwaya, mtu wa kanuni, aliuliza kama waimbe au wasiimbe, kwa sababu wameshakutana saa nane kama walivyoambiwa. Katibu akasema waimbe. Wakaimba nyimbo zake zote, naye anapokea beti kwa sauti nzito. Chakula kikapikwa, kuni zilikuwepo za kutosha. Watu waliokuwa na hotuba za kumsifu marehemu walizitoa hivyohivyo, wamemtazama usoni, na mzee mmoja alifika sehemu ya kasoro akaomba radhi akairuka. Mkamwana alirudi kutoka zahanati amevua viatu anakimbia, akamkuta mzee anatafuna nyama. Alimpiga kofi la bega, akamkumbatia, akaangua kilio mbele ya kijiji kizima. Katibu akabaki ameshika mfupa hewani, hajui aushushe wapi.

Nikaenda kumwomba radhi. Nilijua atanifukuza.

"Umehamisha faili," akasema.

"Nimehamisha, Katibu. Nisamehe."

"Wamekuja wote. Umeona? Hata wale wa Lufingo." Akafunga daftari. "Lakini leo nimebonyeza mwenyewe. Siku yenyewe sitakuwepo wa kubonyeza. Utaniandikia njia, mwalimu. Mtu mwingine aweze kunitangaza."

Nikasema ndiyo. Kisha nikakwepa miaka miwili.

Nitasema ukweli kwa nini. Baba yangu alifariki nikiwa hukuhuku Rungwe. Kwetu hatukai na maiti; alizikwa alasiri ileile, na mimi wakati huo nilikuwa kwenye basi, Makambako, nimeshika simu nikitazama vumbi. Nilifika Tanga nikaonyeshwa udongo. Tangu hapo sikuweza kukaa mbele ya mashine niandike njia ya kutangaza kifo cha mzee ninayempenda. Kila aliponikumbusha nilikuwa na mitihani, nilikuwa na mafua, umeme ulikuwa umekatika. Alinijua. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Ndaga," asante ya Kinyakyusa, na kuongeza sukari kwenye kikombe changu.

Halafu uhamisho wangu ukatoka. Narudi Tanga, nyumbani kwenye joto langu, na nilishangaa kwamba nilipoisoma barua ile sikufurahi.

Nilikwenda kumuaga mchana mmoja wa mvua. Katibu alikuwa kibarazani, blanketi magotini, amekonda, miguu imevimba, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hakuweza tena kusoma skrini. Tangu mwezi uliopita kamati ilikuwa imerudi kutangaza misiba kwa kutuma watu, na misiba miwili ilikuwa imekosa wapishi.

"Shikamoo Katibu."

"Marahaba. Umekuja kuaga au kuandika?"

Mkamwana alikuwa ndio kwanza anafika kutoka zahanati, sare imelowa. Alisimama mlangoni akasema, "Aandike, baba. Mimi ndiye nitakayebonyeza. Mwalimu, nionyeshe tu wapi."

Basi nikaandika. Lilikuwa faili fupi, la mkamwana, la kumwezesha kuanzisha tangazo peke yake. Katibu akauliza nimeliweka wapi. Nikasema folda kuu. Akakataa.

"Limezaliwa leo. Likae na rika lake, folda ya watoto."

Alikuwa anakufa na bado anabishana kuhusu folda. Nikalipeleka kwa watoto. Kisha nikahakikisha, safari hii mara tatu, kwamba majaribio hayatatoka nje ya skrini, nikamwambia mkamwana abonyeze. Akabonyeza. Tukasoma wote wawili.

"Imesemaje?" akauliza Katibu.

Nikamsomea. "Tunasikitika kutangaza kifo cha undefined."

Mabega ya Katibu yakaanza kutikisika. "Yule mvivu!" akasema. "Amekufa!" Akacheka hadi kikohozi kikamkaba, mkamwana akamshika mgongo, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Kicheko kilipoisha kilimwishia ghafla.

"Mwalimu. Ndiyo kusema nitazikwa kwa jina lake?"

Nikamweleza. Programu imezoea kuanzia juu, kwake, na yeye ndiye anayeyakabidhi ya chini kila kitu. Safari hii imeanzia chini, na huko juu hakuna mtu wa kukabidhi. Faili la mkamwana limekaa mlangoni linasubiri kuletewa jina, na hakuna wa kulileta. "Tulipandishe folda kuu," nikasema, "lilikute faili lako hukohuko."

"Rika haliachwi."

"Basi iliyobaki ni njia moja, Katibu, na unaijua."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Alikuwa ametazama upande wa migomba, ingawa nadhani hakuwa anaiona.

"Nukta mbili," akasema.

"Nukta mbili. Apande mwenyewe hadi kwenye faili lako, achukue jina."

Alipapasa mkono wa kiti, akavuta blanketi, akaliachia. Sikumharakisha. Mkamwana, yule mwanamke wa sauti, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Weka," akasema Katibu.

"Una uhakika umesema—"

"Mwalimu, nimesema weka. Apande."

Nikaandika. Nukta mbili, mshazari, mwenyewe. Zilikuwa za kwanza na za pekee katika programu ile yote. Nikamsogezea mkamwana mashine, akabonyeza, na maneno yakatoka safi, na jina likatoka kamili, majina yake matatu.

"Imesemaje sasa?"

Nikafungua mdomo nisome. Katibu akainua kiganja.

"Si wewe. Wewe unaondoka."

Mkamwana akanitazama, akaitazama skrini. Akapangusa mikono yake kwenye sare iliyolowa, ingawa haikuhitaji kupanguswa. "Tunasikitika kutangaza kifo cha," akasoma, akakwama hapo. Akaanza tena kutoka mwanzo, na alipofika pale akalitamka, jina la kwanza, la baba, la babu, kwa sauti yake yote ya zahanati inayofika barabarani.

Katibu akanyoosha mgongo kitini.

"Nipo," akaitika.